Nilivyowabakiza mafundi kwenye karakana ya sare

Umeme ukikatika kwenye karakana inayolipa kwa kipande, hasara inamwangukia fundi. Mwenye karakana atachelewa kidogo kupeleka oda, mteja atafoka kwenye simu, yataisha. Fundi hajashona, kwa hiyo siku hiyo hana chake, na nauli ya kurudi Chanika iko palepale.

Nilipokabidhiwa usimamizi wa karakana moja ya sare za shule pale Tabata, Dar es Salaam, mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa umepamba moto. Kila ukurasa wa daftari la mahudhurio ulikuwa na majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Wenye mali, mtu na mkewe, walikwisha kukata shauri kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Wengi wa hao "vijana" walikuwa akina mama wenye watoto watatu. Niliambiwa nitafute mafundi wapya. Nikaomba kwanza nizungumze na waliobaki.

Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu. Muulize fundi mbele ya bosi kama ana shida yoyote, atakujibu "hatuna neno" huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Nikaachana na vikao. Badala yake nikawa kila Ijumaa mchana nahamishia kiti changu kwenye meza ya vifungo, nashona nao. Kushona vifungo kwa mkono hakuumizi kichwa, mdomo unabaki huru, na baada ya muda wakasahau kwamba mimi ni msimamizi, au wakaamua kujifanya wamesahau. Ujira mdogo ulitajwa, tena sana. Ila kilichowauma kuliko ujira ni mafungu.

Asiyeijua kazi hii nimweleze. Mkataji akishakata kitambaa, anafunga vipande: fungu la sketi, fungu la kaptula, fungu la mashati. Sketi isiyo na marinda unaimaliza upesi. Shati lina kola, lina mfuko, lina tundu za vifungo, na kola ikikaa upande unaifumua yote. Bei ya kushona shati ilikuwa juu kidogo kuliko ya sketi, lakini tofauti hiyo haikukaribia tofauti ya muda. Kwa hiyo anayepata sketi anaondoka na hela ya maana, na anayepewa mashati ya mikono mirefu anaondoka na maumivu ya shingo. Anayegawa ni nani? Mkataji. Na mkataji ana shemeji zake, ana majirani zake, ana watu wanaomletea soda.

Ukitaka kujua kama mahali pa kazi panajali watu, usitazame keki ya siku ya kuzaliwa wala picha za Mei Mosi. Tazama kazi nono inagawanywa vipi, na nani anaweza kuhoji mgawo huo bila kuadhibiwa.

Nilimwomba mama mmoja aliyezoea mashati na dada mmoja wa sketi wakubali niwapimie muda kwa saa ya simu, siku tofauti, asubuhi wakiwa wabichi na jioni wakiwa wamechoka. Tukapanga bei upya kwa kufuata dakika. Kisha ugawaji ukatoka mikononi mwa mtu. Kila fungu likapewa namba, namba zikaandikwa ubaoni, na anayemaliza anachukua fungu linalofuata, liwe zito liwe jepesi. Mkataji alinuna, salamu zikawa za kulazimishana. Sikumlaumu, maana alinyang'anywa cheo ambacho hakikuwa kimeandikwa popote lakini kilimpa heshima. Nikampa kingine: hakuna jora la kitambaa kutoka Kariakoo litakalopokelewa mpaka yeye alikague na kusaini. Jicho lake kwa kitambaa halina mpinzani, na posho ya kazi hiyo ikaingia kwenye karatasi yake ya mshahara. Polepole akarudi kutania watu.

Baada ya mafungu ndipo nikawaendea wenye mali na hoja ya umeme. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka Sh150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Nikaomba kila fundi awe na mshahara wa kudumu unaozidi kiwango hicho, halafu vipande vinavyovuka lengo vilipiwe ziada. Umeme ukikatika, lengo linapungua kwa saa zilizopotea na mshahara haupungui.

"Watalala hao," bosi alisema.

Naamini sana utu, lakini sijawahi kushinda hoja ya fedha kwa kuutaja. Nilimletea kapu la kufumua, lile tunalotupia nguo zilizokosewa, nikalimwaga mezani kwake. Nyingi zilikuwa za wageni, mafundi walioletwa kuziba nafasi za walioondoka. Tukahesabu pamoja uzi, kitambaa, na muda wa fundi mzoefu anayeacha kazi yake kumwelekeza mgeni ambaye mwezi ujao naye hayupo. Mkewe, ambaye ndiye hasa anayeshika fedha pale, alichukua kikokotoo, akarudia hesabu kimyakimya, akasema tujaribu.

Mpango huu haukumpendeza kila mtu. Fundi wetu mwepesi kuliko wote, dada mwenye mikono ya ajabu, alipiga hesabu akaona chini ya mpango mpya atapata pungufu kuliko siku zake nzuri za zamani. Alihamia eneo la Gerezani, kwenye malipo ya kipande kitupu. Nilijaribu kumshawishi abaki, ila sikumtengenezea bei yake peke yake, kwa sababu ubao ungekufa siku hiyohiyo. Pengo lake tulilisikia, na bado tunalisikia msimu ukifika.

Suala la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lilikuwa na kichekesho chake. Nilijiandaa kupambana na wenye mali, kwa kuwa mchango ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake inatoka kwa mwajiri. Wao walikubali mapema kuliko nilivyotegemea, waliogopa ukaguzi. Waliogoma ni mafundi. Asilimia 10 ikatwe kwenye hela yangu, iende wapi, niione lini? Nilieleza mafao ya uzazi, nikaeleza pensheni, nikawa naongea na ukuta. Aliyenisaidia ni bibi mmoja wa meza ya pasi, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki enzi zake. Aliacha pasi, akawaambia, "Nyie wanangu, mimi nyumba yangu ya Kitunda imeezekwa na hela mnayoikataa hii." Fomu zikajazwa wiki ileile. Tangu hapo jambo lolote linalohusu makato simtangulizi mtu wa ofisini. Namtanguliza bibi.

Halafu kuna kausha damu. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa mikopo hii, unakopa leo na kesho asubuhi mtu anakusubiri mlangoni. Kwetu walikuwa wanasimama getini siku ya malipo, wanajua mafundi kwa majina. Sikuona maana ya kuwahubiria watu wasikope wakati sisi wenyewe tulikuwa tunalipa "mwisho wa mwezi", maneno yaliyoweza kumaanisha tarehe 30 au tarehe 8, kutegemea bosi yuko safarini au karudi. Tukaweka tarehe 28, inaingia kwa simu, hata kama sote tumelala. Ikiangukia Jumapili, inalipwa Jumamosi. Tarehe 14 fundi anaweza kuchukua hadi nusu ya alichokwisha kukifanyia kazi, bila riba na bila kuulizwa ya nini. Hilo la kutoulizwa nililipigania sana. Mtu mzima kusimama mbele ya msimamizi na kueleza kwamba mwanawe kafukuzwa ada, au mume kaondoka na hela ya kodi, ni kumvua nguo. Mwanzoni karibu wote walichukua. Siku hizi wengi wanaiacha tarehe 14 ipite, na wale vijana wa getini siwaoni tena. Kikoba chao wanakiendesha wenyewe, na nimekataa kabisa kuwa mtunza hazina. Bosi akishika kikoba, kinakuwa mlango mwingine wa ofisi.

Msimu ndio ulionitoa jasho. Shule zinafunguliwa Januari, wazazi wananunua sare baada ya sikukuu, na kwa miaka mingi karakana ilikuwa inawashikilia watu hadi saa nne usiku kuanzia katikati ya Desemba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki nne, na ulipwe mara moja na nusu. Kulipa ziada bosi alikuwa tayari. Ila mtu anayeshuka daladala Chanika saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri hapunguziwi mzigo kwa kulipwa mara moja na nusu. Na ukichungulia kapu la kufumua la usiku huo, hata hesabu yenyewe ya fedha inakataa.

Jibu tulilipata kwenye ununuzi wa kitambaa. Sare za shule za msingi za serikali hazina maajabu: shati jeupe, sketi au kaptula ya bluu iliyoiva. Hazisubiri oda ya mtu, zitauzika tu. Kwa hiyo kitambaa cha nguo hizo kinunuliwe Septemba, kishonwe kwa mwendo wa kawaida, tuweke stoo. Desemba ibaki ya shule binafsi zenye rangi zao na nembo zao, na oda zipokelewe mwisho tarehe 10. Maana yake wenye mali walitakiwa kutoa fedha nyingi miezi mitatu kabla ya kuona faida, na hapo palikuwa na mvutano kuliko kwenye mishahara. Walitoa nusu mwaka wa kwanza. Shule moja ilileta oda yake Desemba 20 kama ilivyozoea, tukaikatalia, ikahama kwa hasira. Mwaka uliofuata walitoa fedha yote, na tulifunga saa kumi na moja jioni msimu mzima, isipokuwa wiki ya kwanza ya Januari.

Mengine yalikuwa mepesi. Msiba ukitokea, mtu anaondoka hapohapo, taratibu zitafuata. Sheria inatoa siku zisizopungua 4 zenye malipo, nasi tukaongeza za safari, kwa sababu kuzika Singida na kuzika Mbagala si safari moja. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku, tukamtengea chumba kilichokuwa stoo ya maboksi, na dada wa kazi anamleta mtoto mchana. Mlango wa choo ulipata komeo.

Sasa hivi tunabishana kuhusu vijana wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Bosi anasema wanakuja kujifunza, nauli na chakula vinatosha. Mimi nasema kaptula anayoishona kijana inauzwa dukani kwa bei ileile ya kaptula ya fundi, basi na yeye aandikwe ubaoni. Mkewe amechukua kikokotoo, tunasubiri.