Nilivyounganisha historia ya sanaa, maonyesho na maabara ikawa kazi moja

Miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya kazi tatu kwa mshahara mmoja, asubuhi nafundisha historia ya sanaa, mchana niko stoo ya makumbusho nachagua vitu vya maonyesho, jioni vikao na wanasayansi, na kote huko naonekana mgeni tu. Wanasayansi wenyewe wakiniita ujue utafiti umeshaisha, wanataka picha nzuri ya kuubandikia.

Kilichonitoa ni karatasi ya bluu. Nilikuwa namsoma Anna Atkins, yule Mwingereza aliyeanza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani, analaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, anaianika juani, akishaisuuza na maji karatasi inakuwa bluu na umbo la mwani linabaki jeupe. Sasa mimi kama kyureta, yaani mpangaji wa maonyesho, shida yangu ilikuwa mwanga, maana hizo picha zinapauka, ndo maana tunashusha taa mpaka luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu. Nikamuuliza mkemia mmoja zinapauka kwa nini. Akachukua karatasi ya majaribio aliyoitengeneza mwenyewe, akafunika nusu, akaiweka chini ya taa kali, ile nusu ya wazi ikapauka kweli, halafu akaifungia kwenye droo. Narudi baada ya siku kadhaa, bluu imerudi! Kumbe gizani oksijeni ya hewani inairudisha taratibu. Yaani picha inahitaji kupumzika, nilikaa pale nimeishika sijui niseme nini.

Kuanzia hapo nikaacha kugawa muda mara tatu, nikabaki na swali moja: picha ya namna hii tuionyesheje? Na msanii tukamwita mapema, wakati swali bado bichi, na yeye ndo akaja na wazo kwamba picha zipokezane zamu, na iliyoenda kupumzika fremu yake ibaki ukutani tupu. Mimi na mkemia tusingelifikiria hilo hata kidogo.

Kupanda cheo ndo kulikuwa kugumu, idarani walikuwa wanahesabu makala tu, maonyesho hayana alama. Kwa hiyo kila uamuzi nikawa nauandika kwenye daftari, nani kasema nini na kwa nini, mle ndimo ikatoka insha ya katalogi, kile kitabu cha maonyesho, na makala ya pamoja na mkemia. Majina ya waandishi tulikubaliana kabla hata ya kuanza, na la msanii lipo, siyo kwenye shukrani, lipo juu kabisa pamoja na yetu.