Muhtasari wa riwaya usifiche mwisho

Wiki hii nimekaa na muhtasari wa riwaya yangu, na msimamo wangu ni huu: mwisho lazima utajwe. Maneno ya jalada la nyuma humvuta msomaji kwa kumficha yatakayotokea. Muhtasari unasomwa na mhariri au wakala wa waandishi anayetaka kujua kama hadithi inasimama hadi tamati. Kwa hiyo nimeandika wazi kwamba Zuhura, mhusika wangu, ndiye aliyechoma hati ya shamba.

Muhtasari huandikwa kwa nafsi ya tatu, wakati uliopo, hata kama riwaya yenyewe inasimuliwa na “mimi”. Wachapishaji wengi huomba ukurasa mmoja au miwili, ila soma kwanza masharti ya kila mchapishaji.

Wahusika wenye majina nimewabakiza watatu. Shangazi, ninayempenda kuliko wote, sasa ni “shangazi yake” tu, na imeniuma kweli. Kazi kubwa iko kwenye sababu: Zuhura anachoma hati kwa kuwa kaka yake anataka kuuza shamba, kaka anapogundua, anamfukuza nyumbani. Kila nilipokuta “kisha” mbili zikifuatana, nilijua sababu imedondoka njiani, nikairudisha. Mandhari nimeyapa nusu sentensi.