Nyinyi wa bara hamjui msimu

Jumanne saa mbili usiku nilipiga simu Paje kutoka hapa Kigoma. Leo Jumapili, sare za wanangu nimeshazipiga pasi, mvua inagonga bati, na sentensi moja ya simu ile bado imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka.

Wa siku nyingi humu mnamjua Bi Mkubwa. Ndiye yule mama mwenye duka kule Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambaye mwaka juzi alimwona mdogo wangu na mkoba niliomshonea, akamwuliza umetoka wapi. Tangu hapo anachukua mikoba yangu ya vitenge kwa mali kauli: mimi natuma, yeye anauza, akishauza ananirushia hela kwa simu. Hatujaandikishana popote, na hajanidhulumu hata shilingi moja. Ndiyo maana neno lake limeniuma. Lingetoka kwa mtu mwingine ningelisahau usiku uleule.

Ilikuwa hivi.

Nilimwamkia, akaitika. Akaniuliza hali ya watoto, nikamwuliza miguu yake. Kisha nikasema, "Mama, mzigo umekamilika. Mikoba 60. Alhamisi alfajiri nautia kwenye basi, Jumamosi mdogo wangu anaupokea bandarini."

Akanyamaza. Nikasikia mvua ya kwake kwenye simu, nzito kuliko ya kwetu.

"Usitie," akasema.

"Nisitie, mama?"

"Usitie, mwanangu. Hapana mtu huku. Duka nimelifunga, wiki ya pili hii. Nyinyi wa bara hamjui msimu."

Nikajibu, "Haya, mama." Akaniombea dua, akakata.

Hazikufika dakika tatu. Jumatano tulikwenda Ujiji kumzika mjomba, Alhamisi shangazi yake baba watoto akaletwa kutoka Kasulu kutibiwa na sasa analala chumba cha wasichana, Ijumaa ukuta wa choo cha jirani ukaangukia upande wetu. Katika yote hayo nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nimeshika sahani ya wali wa msiba, nasikia: hamjui msimu. Namnyoshea shangazi kitanda: hamjui msimu. Naifanyia kila aina ya sauti, mara naisikia kama karipio, mara kama huruma, mara kama anaongea na mtu mwingine mle ndani. Na kila mara najisikia mwenyewe nikijibu "Haya, mama", kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyerudishwa dukani kwa kuwa hela haitoshi.

Kwa nini sikusema kitu?

Mimi nisijue msimu? Nimezaliwa Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Kabla sijajua kusoma nilijua kuhesabu mwezi. Giza likiwa nene, ziwa zima linawaka taa za wavuvi, ukisimama mlimani unadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Siku hizo mama anaanika dagaa mpaka mgongo unamuuma, na nyumbani kuna nyama. Mwezi ukianza kujaa, taa zinapungua usiku hadi usiku. Mbalamwezi ikitimia mitumbwi inavutwa nchi kavu, kwa sababu mwanga ukishatapakaa kila mahali dagaa hawana haja ya kuifuata taa ya mtu. Basi tunarudi kwenye ugali wa muhogo na maharage, na mawese kidogo juu yake. Kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Baba hakuwahi kuuchukia mwezi. Alikuwa anautazama, anaenda kushona nyavu.

Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa wavuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, mnakumbuka niliyoyaandika. Miezi mitatu. Kaka zangu wawili nyumbani, na cherehani yangu ikilisha nyumba tatu.

Huyu ninayeishi naye je? Baba watoto anapeleka wageni hifadhi ya Gombe kwa boti ya kukodi kutoka Kibirizi. Kiangazi simwoni, anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi na chumvi ya jasho mgongoni na hadithi za sokwe. Huwa anawaambia wageni kwamba hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe mwezi wa Julai, mwaka 1960, kiangazi kilekile wanachokuja wao. Masika ikikolea hata kambi za kitalii kule hifadhi ya Mahale hufungwa kwa wiki kadhaa. Boti yake inafungwa kamba, naye anashinda akitia kalafati kwenye nyufa na kuipaka rangi upya. Sasa hivi ninavyoandika, koti lake la mvua linaning'inia mlangoni na halijalowa hata mara moja wiki hii.

Kwa hiyo nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu kumi. Nimeyapanga nikikanyaga cherehani, nimeyapanga nikichota maji, na moja zuri kuliko yote lilinijia Ujiji makaburini, nikaona aibu kwamba mjomba anafukiwa na mimi nabishana na mtu aliye ng'ambo ya nchi.

Lakini kilichoniuma si maneno peke yake. Ile mikoba 60 niliishona kwa mkopo wa kikundi. Zipu, bitana, ngozi ya mishikio, na vitenge nilivyomsubiri yule mama wa Kalemie, ng'ambo ya Kongo, avuke navyo. Bitana ni nyeusi, ya pamba, haichuji. Kila mkoba una kimfuko cha simu ndani, na pale mshikio unapoungana na mwili nimepitisha cherehani mara tatu, kwa sababu mgeni anajaza maji, viatu na kitabu kisha anauning'iniza kwenye baiskeli. Rejesho ni kila Ijumaa. Kikundi hakina masika.

Na kuna wasichana wangu wawili, mafundi. Jumatano kabla ya kwenda msibani niliwaambia wapumzike mpaka mwezi wa sita, labda mwisho wa Mei. Nitawarudia baadaye, sasa hivi siwezi kuliandika hilo.

Ijumaa usiku mdogo wangu alipiga.

Hoteli anayopika imefunga mpaka Juni. Wafanyakazi wameambiwa wakae nyumbani bila mshahara, waitwe mambo yakifunguka. Ndivyo inavyokuwa kila Aprili, ila safari hii hakuwa na nauli ya kuja Kigoma, akabaki. Nikamwambia aliyoniambia Bi Mkubwa. Nilitegemea akasirike pamoja nami, huyu ni mtoto wa Katonga kama mimi. Akawa kimya, halafu akasema, "Dada, subiri nikutumie picha."

Picha ilichelewa kufunguka. Ni chumba cha kulala, kitanda cha Kizanzibari chenye nguzo. Kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, kamba ya pili inapita dirishani, na mikoba yangu imetundikwa yote kwenye kamba hizo, midomo wazi, kila mmoja umejazwa magazeti ndani usijikunje. Sakafuni kuna jiko dogo la mkaa. Ni ile mikoba ya Februari ambayo haikuuzika. Niliihesabu nikiikuza picha kwa vidole: 34. Nikakiona hata kitenge cha magamba ya samaki, kile nilichoandika humu kwamba kilinipa taabu kukioanisha mistari.

Mdogo wangu akanieleza. Duka la Bi Mkubwa ni la makuti, masika hii limevuja, na unyevu wa kule unatia kuvu kwenye nguo ndani ya siku mbili. Alimwita aje kumsaidia kuhamisha vitu. Vinyago vyake mwenyewe na pareo wakavirundika stoo ya jirani. Mikoba yangu akasema iingie ndani kwake. Kila asubuhi anawasha mkaa, jioni anafukiza udi, Ijumaa anaipangusa mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu.

"Yeye analala wapi?" nikauliza.

"Sebuleni, dada. Kwenye mkeka."

Na miguu ile.

Jioni anakaanga kachori na kuuza na chai ya tangawizi mlangoni, kwa sababu kodi ya duka inadaiwa mvua inyeshe isinyeshe. Wanunuzi ni majirani, na majirani nao ni wapishi, madereva, walinzi, wasuka nywele wa ufukweni, wote wamekaa. Wavuvi wanarudi na pweza ambao Januari wapishi waliwagombania majini kabla hawajafika ufukweni, sasa wanazungushwa nyumba kwa nyumba. Hata wale wageni wanaoburutwa na matiara makubwa juu ya maji hawapo, akasema, maana kaskazi imekwisha na kusi bado haijashika, hakuna upepo wa kuwanyanyua. Mvua tu. Mwaka 2020, ndege zilipozuiwa kabla Bi Mkubwa hajanijua, aliuza cherehani yake apate kula. Hilo nilikuwa silijui. Sikujua kama naye alikuwa na cherehani.

Baada ya simu nilikaa gizani muda mrefu. Nikaisikia tena ile sentensi, na kwa mara ya kwanza nikasikia ile mvua nyuma yake kuliko maneno yenyewe.

Msimu wangu mimi ni mwezi, unaandama juu ya mlima wa Kongo, nautazama. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuniambia umebaki siku ngapi. Hata ziwa likifungwa, tarehe ya kufunguliwa tunaijua. Wa kwake unategemea likizo za shule za Ulaya, ndege za kukodi kutoka Italia na Poland, na habari gani watu wamesoma kuhusu nchi yetu asubuhi moja kabla ya kukata tiketi. Anasubiri watu asiowajua waamue wakiwa mezani kwao. Labda ndicho alichokuwa anasema, na Kiswahili cha simu kikakifupisha. Labda alikuwa anasema tu kwamba amechoka.

Bado naona hakupaswa kutuita "nyinyi wa bara". Hilo silifuti. Lakini Jumamosi asubuhi nilimtumia hela ya mkaa, kidogo nilichokuwa nacho, na sikuandika kitu. Akanirudishia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, ile ya magamba ya samaki nimeiweka juu kabisa, Inshallah mwezi wa saba itatoka ya kwanza." Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri kwa baba watoto.

Mikoba yangu 60 iko hapa, kwenye magunia mawili ya plastiki. Leo mchana nimeitoa yote. Nimevuta kamba kutoka dirisha la sebule mpaka msumari wa kalenda, na shangazi wa Kasulu, ambaye hana nguvu za kusimama, amenikunjia magazeti.

Sasa wale wasichana. Nilipowaambia Jumatano wapumzike, mkubwa alikuwa anapima zipu. Aliiweka chini taratibu, akachomeka sindano zote kwenye kimto chake cha sindano, moja moja, hata zile zilizopinda. Akasema, "Haya, dada." Ni kwa sauti ileile. Niliitambua palepale, ila nilikuwa nawahi msiba. Kesho nitakwenda kwao Gungu. Sina mshahara wa kuwapa, nina maombi mawili ya sare za shule na suruali tatu za kupunguza, tunaweza kugawana hizo.

Nimeandika haya mezani, mwanangu wa kati yuko pembeni anamalizia hesabu. Nimemtazama mara tatu sasa. Daftari amelivuta mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, na taa inawaka vizuri. Jicho la kushoto amelifumba. Nimemwuliza kama linauma, amesema hapana, ndivyo anavyoona. Sikumbuki ameanza lini.