Mlio wa Kondoo Kule Gilgali

Wiki hii nzima nimekuwa nikisoma Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na nimekwama katika sura ya 13 na ya 15, ambazo zote mbili zinatufikisha Gilgali na zote mbili zinamhusu mtu niliyekuwa nikimhukumu upesi mno. Tangu utotoni nilimjua Sauli kuwa mfalme mwasi. Nikimsoma sasa, nikiwa mtu mzima mwenye kihamba, shamba la ukoo kwetu Uchagani, na nyumba ya kuongoza, namwona mtu aliyetii sehemu kubwa ya aliyoagizwa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Katika sura ya 13 Wafilisti wamepiga kambi Mikmashi, nao ni wengi kama mchanga wa pwani. Israeli hakuna mhunzi hata mmoja, kwa kuwa Wafilisti hawataki Waebrania wajifulie panga na mikuki. Hata jembe la kunolewa mtu huteremka nalo kwa adui yake. Siku ya vita, wenye upanga ni Sauli na mwanawe Yonathani tu. Watu wanajificha mapangoni na mashimoni, wengine wanavuka Yordani, na kati ya wale 3,000 aliowachagua wanabaki wapatao 600. Katika hali hiyo Sauli anangoja siku 7, kama nabii Samweli alivyomwagiza, hadi yeye mwenyewe aje kutoa sadaka. Nakiri kwamba sikuwahi kulipa neno hilo uzito wake: alingoja. Lakini Samweli alipokawia, Sauli akaagiza aletewe sadaka ya kuteketezwa na sadaka za amani, akaanza kutoa mwenyewe, na alipomaliza tu ile ya kwanza, Samweli huyo anaingia. Kati ya utii wake wa siku zote hizo na anguko lake ulikuwapo muda wa kutoa sadaka moja.

Sura ya 15 ni ngumu zaidi, maana amri yenyewe, ya kuwaangamiza Waamaleki wote pamoja na mifugo yao, ni nzito kwangu kuisoma, na sitajifanya kwamba nimeielewa. Ninachokifuatilia ni namna Sauli alivyoitekeleza. Alikusanya askari 200,000 wa miguu na watu 10,000 wa Yuda, akawaonya kwanza Wakeni wajitenge kwa sababu waliwatendea Waisraeli wema walipotoka Misri, akapiga, akashinda. Kisha akambakiza mfalme Agagi, na kondoo na ng'ombe waliokuwa wazuri, na kila kilichonona. Vilivyokuwa vibovu na dhaifu ndivyo alivyoviangamiza kwa bidii. Alipomlaki Samweli, ambaye usiku kucha alikuwa akimlilia Mungu kwa ajili yake, alimwamkia kwa furaha na kumwambia kwamba amelitimiza agizo. Samweli akamuuliza: mbona basi nasikia kondoo wakilia?

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo Kiebrania kinalionyesha wazi. Neno lao la sauti, *qol*, ndilo linalotajwa Sauli anapoagizwa aisikilize sauti ya Bwana, ndilo la mlio wa wale kondoo, na ndilo analolitumia mwenyewe anapokiri kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Kitenzi chao cha kusikia, *shama*, ndicho hicho hicho cha kutii. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana hapo, kwa kuwa tukisema mtoto hasikii hatuna maana kwamba ni kiziwi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sauli aliyasikia maneno yote ya Samweli. Angeweza kuyarudia moja baada ya jingine. Ila sauti zilikuwa nyingi, naye akaitii iliyokuwa karibu zaidi.

Samweli mwenyewe alianzia kwenye kusikia. Alikuwa kijana mdogo amelala hekaluni Shilo, taa ya Mungu haijazimika bado, akaamka mara tatu kumkimbilia kuhani mzee Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, hadi alipofundishwa kujibu kwamba mtumishi anasikia. Na Sulemani, alipoambiwa kule Gibeoni aombe atakalo, kwa Kiebrania aliomba moyo usikiao. Uzeeni moyo huo uligeuzwa, lakini ombi lile bado nalipenda kuliko maombi mengine yote ya wafalme.

Nimeandika haya yote kwa sababu yangu. Miaka mitatu iliyopita, baba akiwa kitandani kwa mara ya mwisho, aliniita akaniagiza nimpe mama mdogo, mjane wa mdogo wake, kipande cha chini cha kihamba, kile kinachopakana na mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Akaniuliza, "Umenisikia?" Nikamjibu, "Nimesikia, baba." Baada ya matanga nilimpa mama mdogo kipande cha juu chenye mawe. Nilikipima kwa uaminifu, nikahakikisha kwamba ukubwa ni uleule, nikawaambia ndugu zangu kwamba wosia umetimizwa. Kipande cha chini kilikuwa na migomba iliyokwisha kushika na maji ya mfongo hatua chache tu, nami nilijiambia kwamba ndizi zake zitasaidia ukoo mzima na mchango wa mavuno kanisani. Sauli naye alisema wale kondoo wanono walikuwa wa kumtolea Bwana dhabihu.

Jumamosi asubuhi nilichuma pembeni mwa kihamba jani la isale, mmea ambao kwetu ni wa kuombea msamaha na wa kuwekea mipaka, nikapanda hadi kwa mama mdogo. Nilimkuta akimwagilia miche ya kahawa kwa kopo, maji ameyachota mwenyewe mfongoni na kuyapandisha kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamnyoshea lile jani kwa mikono miwili, maneno niliyoyapanga njiani yakanipotea. Alilitazama kwa muda, akalipokea, akaweka kopo chini.

"Baba yako aliniambia na mimi," akasema. "Siku mbili kabla hajafa. Nikawa nangoja."

Hakuongeza neno. Alijifunga kanga kiunoni, akatangulia kuteremka, nami nikamfuata nikiwa nimebeba kamba ya katani. Tulipima kuanzia ukingo wa mfongo hadi kwenye mringaringa mkubwa, na kwenye kila pembe akachimba mwenyewe shimo la kupanda isale.