Tuor Bado Amesimama Langoni

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikirudi kwenye ukurasa uleule wa Unfinished Tales, mkusanyo wa maandishi ya J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa The Lord of the Rings, ambao mwanawe Christopher aliutoa mwaka 1980, miaka saba baada ya kifo cha baba yake. Tuor, shujaa wa kibinadamu, akiongozwa na baharia Voronwë, amesafiri katika kipupwe kikali kuutafuta Gondolin, mji uliofichwa wa Waelfi, ile jamii ya viumbe wasiozeeka katika hadithi za Tolkien. Amepita lango baada ya lango, yote saba, na kila moja limeelezwa na mwandishi asiye na haraka hata kidogo. Hatimaye anauona mji ng'ambo ya theluji nyeupe. Joho lake linaanguka, mavazi ya kivita aliyoyavaa yanatambuliwa, mkuu wa walinzi anakiri kwamba mgeni huyu kweli ametumwa na Ulmo, bwana wa maji, na hapo maandishi yanakatika.

Nilipofika hapo mara ya kwanza, nilikifunga kitabu kwa uchungu. Maandishi hayo ni ya mwaka 1951 hivi, Tolkien akikaribia umri wa miaka 60, naye aliishi zaidi ya miaka 20 baadaye bila kumwingiza Tuor mjini.

Hata hivyo mwisho wa kisa upo, ila uliandikwa kabla ya mwanzo huu. Tolkien alikuwa kijana wa miaka 24 au 25, mgonjwa aliyerudishwa Uingereza kutoka vita vya Somme, huko Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, alipoandika anguko lote la Gondolin kati ya mwaka 1916 na 1917. Humo majoka ya chuma yanatambaa kuelekea kuta za mji yakiwa yamebeba askari matumboni mwao, na siwezi kuyasoma bila kukumbuka mahali alipokuwa ametoka. Lugha yake ni ya kale kwa makusudi, imejaa mapambo, na majina mengi bado hayajatulia. Basi msomaji anayetaka kujua yaliyompata Tuor hana budi kumchukua langoni kwenye sentensi za mzee na kumkabidhi kwa kijana aliyeandika miaka zaidi ya 30 kabla yake. Sijawahi kuombwa na kitabu kingine chochote kufanya kazi ya namna hii, na ninakiri kwamba nimeipenda.

Ugumu wa kweli, kwangu, hauko kwenye visa vinavyokatika bali kwenye vile vinavyokanana. Galadriel, malkia wa Waelfi, ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Katika simulizi moja ni mwanamke mwenye kiburi aliyejiunga na uasi wa Wanoldor, ukoo wake wa Waelfi, na kupigwa marufuku kurudi Magharibi, nchi ya miungu walikotoka; katika nyingine, aliyoiwaza Tolkien mwezi wa mwisho wa uhai wake mwaka 1973, hana hatia yoyote katika uasi ule na alisafiri kwa njia yake mwenyewe. Nilitumia siku nyingi nikijiuliza ni yupi aliye wa kweli. Christopher haamui, bali anaziweka simulizi hizo bega kwa bega, anaonyesha mahali zinapogongana, kisha anatuachia. Mimi namtaka yule mwenye hatia, kwa sababu kukataa kwake Pete ya enzi, Frodo alipomtolea katika The Lord of the Rings, kunakuwa na uzito tu ikiwa aliwahi kuitamani enzi. Najua kwamba baba mwenyewe, mwishoni, aliona vingine.

Kisha kuna The History of Middle-earth, ule mfululizo wa Christopher wa majuzuu 12 yaliyotoka kati ya mwaka 1983 na 1996, ambamo maoni ya mhariri mara nyingine ni marefu kuliko maandishi anayoyaeleza. Huko nilikuta kwamba Beren, shujaa ambaye baadaye ni mwanadamu, aliwahi kuwa mmoja wa Waelfi, na kwamba mahali ambapo baadaye pangekaliwa na Sauron, yule adui mwovu, palikuwa na Tevildo, Mkuu wa Paka. Hadithi hizo za mwanzo ziliandikwa kwa penseli, zikafutwa, zikaandikwa upya kwa wino juu ya karatasi ileile, naye mwana akaketi kuzisoma tabaka kwa tabaka. Sasa natumia alamisho mbili, moja kwenye kisa na nyingine kwenye maelezo: nakisoma kisa chote kwanza bila kutazama nyuma, kisha nayarudia maelezo siku inayofuata. Nilipojaribu kuvisoma vyote kwa pamoja, sikupata kisa wala maelezo.

Jambo lililonigusa zaidi ni kauli ya Christopher katika dibaji ya juzuu la kwanza. Anasema kwamba kuitoa The Silmarillion, kitabu cha hekaya za kale za ulimwengu huo wa baba yake, mwaka 1977 ikiwa imesimama peke yake, bila kueleza ilivyotokea, anaona sasa lilikuwa kosa. Alikuwa amempa ulimwengu kitabu laini kisicho na mshono, naye akachagua kutumia miaka iliyofuata kutuonyesha mishono yote.

Usiku wa leo nimevuka tena kutoka mwaka 1951 kwenda 1917. Tuor yumo mjini, na Idril, binti wa mfalme, ameanza kuchimbisha njia ya siri chini ya mji. Alamisho nimeiacha hapo.