Kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kilivyonitoa kwenye kosa la miezi sita

Nilirudi Mbeya mwezi wa saba, wakati baridi ya Uyole inakulazimisha kulala na soksi. Begini nilikuwa na diski iliyojaa picha za seli, na kichwani nilikuwa na jibu moja: protini yangu inakaa kwenye utando wa seli, ule ngozi nyembamba unaoizunguka seli ndani ya ukuta wake. Nilikuwa nimelitafuta miezi sita katika maabara moja Uingereza. Nikajua kilichobaki ni kuandika tu.

Protini yenyewe ni ya maharage. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini maharage ni mboga na ni ada ya shule, na protini hii tunaishuku kwamba ndiyo inayoshtuka ukungu wa madoa ya majani unapobisha hodi. Kama kweli ni mlinzi wa getini, tumkute getini, yaani kwenye utando. Tukimkuta jikoni, itabidi tumtafutie kazi nyingine.

Kumtafuta kwenyewe kuko hivi. Unaunganisha jeni ya protini yako na jeni ya GFP, protini ya yavuyavu wa baharini ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962, na mwaka 2008 ikampatia Nobel ya kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu inang'aa kijani, kwa hiyo protini yako ikienda popote inakwenda na taa mgongoni. Jeni hizo unampa Agrobacterium, bakteria ambaye huko shambani hupenyeza DNA yake kwenye mmea na kuuotesha vivimbe. Huyu wa maabara ameshanyang'anywa jeni za vivimbe. Kisha unachukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, unaligandamiza chini ya jani la Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, kidole kikiegemeza upande wa juu, unasukuma polepole. Doa la kijani kilichokolea linatanda jani zima kama mafuta ya andazi kwenye gazeti. Wiki ya kwanza nilitoboa majani mengi kuliko niliyoyajaza. Siku mbili tatu baadaye unakata kipande unakipeleka kwenye hadubini ya leza.

Niliona mstari wa kijani ukizunguka kila seli. Nikaandika: utando.

Msimamizi wangu alisoma rasimu nikiwa tayari niko nyumbani, akajibu kwa sentensi moja: umejuaje kwamba si saitoplazimu, ule uteute wa ndani ya seli, iliyosukumwa ukutani? Nilikasirika, kwa sababu sikuwa na jibu.

Nina rafiki anayefundisha baiolojia sekondari, akaniazima hadubini ya shule, ile ya kioo cha kugeuzia mwanga wa dirishani. Nikapanda daladala hadi Mwanjelwa, nikanunua vitunguu vyekundu. Muuzaji aliapa ni vya Ruaha Mbuyuni, na kwa rangi ile nilimwamini. Nikabandua ile ngozi nyembamba ya zambarau iliyo upande wa nje wa gamba la ndani, nikaitandaza juu ya kioo na tone la maji. Seli zilikuwa zambarau tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Kumbe jibu lilikuwa hapo. Rangi ile haikai kwenye saitoplazimu, inakaa kwenye vakuoli, ule mfuko wa maji wa katikati ya seli. Katika seli iliyokomaa mfuko huo unaweza kuchukua asilimia 90 ya nafasi yote. Saitoplazimu inabaki kuwa ukanda mwembamba uliobanwa pembeni, kiasi kwamba ukiutia kijani utaonekana kama mstari unaozunguka seli. Mstari ule ule niliouita utando!

Nikakoroga vijiko viwili vya chumvi kwenye glasi ya maji, nikadondosha tone. Chumvi ikavuta maji ya seli, na baada ya dakika chache zambarau ikaanza kuachia kona moja, halafu nyingine, ikajikunyata hadi ikabaki kama zabibu katikati ya chumba kitupu. Ukuta wa seli haukutikisika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, miezi sita Ulaya, halafu umerudi kuchungulia vitunguu vyangu?"

Usiku ule nikafungua picha zangu upya kwenye ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha, nikaongeza mwangaza. Mstari haukuwa sawasawa. Ulinenepa kwenye kona. Nyuzi za kijani zilikatiza katikati ya seli. Kibaya zaidi, kiini chote cha seli, kile chumba kinachotunza DNA, kilikuwa kijani. GFP peke yake ina kama kilodaltoni 27 tu (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), na kitu cha ukubwa huo hupita kwenye vitundu vya kiini bila kuulizwa kitambulisho. Kwenye picha zile protini yangu haikuwa kwenye utando, na huenda nusu ya mwanga ule ulikuwa wa GFP iliyokatika na kuzurura.

Kosa nililipata kwenye daftari langu mwenyewe. Protini ya aina hii hubeba anwani yake mwanzoni mwa mnyororo, na mimi nilikuwa nimeibandika GFP mbele. Ni sawa na kubandika stempu juu ya jina la mpokeaji.

Nikamwandikia dada mmoja Mkenya niliyekaa naye meza moja kule maabara: "Dada, nimeharibu." Akajibu, "Pole. Nitumie ramani ya jeni." Akahamishia GFP mkiani, na wiki tano baadaye picha ikaingia kwenye simu nikiwa kwenye bajaji. Alikuwa ameyaloweka majani kwenye maji ya chumvi kabla ya kuyapiga picha. Kijani kilikuwa kimebanduka ukutani, lakini kikiwa kimeacha nyuzi nyembamba sana zilizoshikilia ukuta kama utando wa buibui, na kiini kilikuwa giza. Nyuzi zile ni utando wa seli unaovutika. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimepatia, ila kwa kubahatisha.

Sehemu ya pili, ya kuonyesha protini hii inashikana na nani, bado inanitesa. Tulitumia njia ya kuigawa protini inayong'aa njano, jamaa wa GFP, vipande viwili: kila protini inapewa nusu, na zikikutana nusu zinaungana na kuwaka. Ziliwaka vizuri sana. Dada akajaribu na protini nyingine ya utandoni isiyohusika kabisa, nayo ikawaka. Nusu zile zikishaungana haziachani, na sisi tulikuwa tumezizalisha kwa wingi mno, kwa hiyo hata majirani waliogusana bega njiani tuliwahesabu kama wanandoa. Nimeiondoa sura hiyo kwenye tasnifu. Sasa tunajaribu kuivua protini na yeyote aliyeishikilia kwa kutumia kingamwili ya GFP, na sampuli za kwanza zinakwenda kwenye jeli ya kutenganisha protini wiki ijayo.