Siku Moja Maishani Mwangu: Hadubini, Damu na Mwiba wa Sato

Saa 11 alfajiri. Kidole kimeniamsha kabla ya simu kulia. Jana jioni nilikuwa naparua sato, mwiba wa pezi la mgongoni ukanichoma kidole cha shahada. Nikaosha kwa sabuni, nikasahau. Leo kimevimba, chekundu, cha moto, na kinapwita kila moyo unapodunda. Najua kinachoendelea humo ndani: mishipa midogo imetanuka ili damu ije kwa wingi, kuta zake zimelegea, maji na seli nyeupe vinapenya kuelekea kwenye jeraha. Joto lote hilo limewashwa na mwili wangu mwenyewe. Nimechora mstari wa kalamu pale wekundu unapoishia, nikafunga plasta, nikanywa uji.

Saa 1:30. Nafanya kazi maabara ya hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ya FBP, ile inayohesabu seli za damu, inapimwa kwanza yenyewe kwa damu maalumu ya uhakiki. Leo glavu nimevaa jozi mbili.

Saa 3. Katika vichupa vya kofia ya zambarau kimo cha wodi ya watoto. Miaka mitatu, homa siku ya tatu, anapumua kwa shida, kipimo cha haraka cha malaria hakijaonyesha kitu. Mashine inatoa seli nyeupe 26,000 kwa maikrolita. Kwa umri wake, ikipita 15,000 tu tayari tunaanza kuuliza maswali.

Namba peke yake hainitoshi. Nikavuta tone kwenye slaidi, likakauka, nikalipaka rangi, nikaweka mafuta na kushusha lenzi ya hadubini inayokuza mara 100. Nutrofili, seli nyeupe zinazomeza bakteria, kila kona! Iliyokomaa ina kiini chenye vipande vitatu hadi vitano, vimeshikwa kwa nyuzi nyembamba. Nyingi za mtoto huyu zina kiini kimoja kilichopinda kama ndizi. Ni changa, uboho umezitoa kabla hazijaiva kwa sababu zinazohitajika ni nyingi mno. Ndani yake zimejaa punje nzito za rangi iliyokolea. Ukiziona hizo huhitaji kuambiwa kwamba mahali fulani mwilini pana vita na bakteria.

Nikapiga simu wodini. "Dokta, huyu mtoto wa kitanda cha dirishani, seli changa ni nyingi sana. Chukueni damu ya kuotesha bakteria kabla hamjamchoma dawa."

"Anatetemeka, dada, na mama yake anataka kumfunika blanketi."

Nilimwelewa yule mama. Seli zinazopambana hutuma ujumbe hadi kwenye ubongo, na ubongo unapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Mpaka mwili ufike huko, mtoto anasikia baridi huku ngozi yake inaunguza mkono wako.

Saa 5. Dirishani amesimama mama wa makamo na karatasi zake zimekunjwa kwenye leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipime taifodi. Mwaka huu ni mara ya nne, kila nikipima ipo."

Hapa roho huwa inaniuma. Kipimo cha Widal hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili uliwatengenezea. Silaha hizo hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya ugonjwa kupona, na vijidudu vingine vya ukoo huo vinaweza kuziamsha pia. Kwa hiyo mtu anapewa antibayotiki kali kutibu kumbukumbu. Nami nimeshiriki: nilipoanza kazi, kwenye zahanati moja, kila tone lililoganda niliandika "ipo" bila kuuliza chochote. Sijui ni wangapi waliomeza dawa kwa mkono wangu. Huyu nilikaa naye dakika kumi, kisha nikampeleka mwenyewe kwa daktari aanze kumsikiliza upya.

Saa 8. Mvuvi kijana, tumbo limejaa, eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, asilimia 22. Kwa kawaida hazizidi tano au sita. Seli hizi zikipanda hivyo huku kwetu nawaza minyoo, na kweli kwenye choo chake nikaona mayai ya kichocho, kila moja na mwiba wake ubavuni. Minyoo yenyewe hukaa miaka kwenye mishipa ya utumbo, imejificha kinga isiione. Mayai ndiyo yanayokwama kwenye ini. Mwili ukishindwa kuyatoa unayazungushia ukuta wa seli, na ukuta ule baadaye unakuwa kovu. Makovu yakizidi, damu inakosa njia, bandama linavimba, na siku moja mtu anatapika damu. Kinachomuua ni zile kuta. Dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo mikubwa, lakini kesho kijana huyu atarudi majini.

Saa 9:30. Sampuli za CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mmoja ana CD4, seli za kinga ambazo VVU huziua, 112 tu. Chini ya 200 hatusubiri. Damu hiyo hiyo ikapimwa kriptokoka, fangasi anayeweza kushambulia ubongo kinga ikishuka.

Saa 1 usiku. Nyumbani, kidole kwenye maji ya moto yenye chumvi. Namkumbuka mwanasayansi Élie Metchnikoff: mwaka 1882 huko Messina, Italia, alimchoma mwiba buu wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye mwili wake unapenya mwanga, na asubuhi akakuta seli zimeuzingira mwiba ule. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mimi wangu nauona bila hadubini: doa la njano ncha ya kidole, usaha, nutrofili zilizofia hapo. Sikamui. Nimefungua plasta yote nikakisogeza kwenye taa. Wekundu haujavuka mstari wa kalamu.